Banda la mashine nyumbani: mlango mkubwa usitazame mashariki

Kwa wanaojenga karakana nyumbani hapa Dodoma: kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, na vumbi lake mnalijua. Likichanganyika na oili kwenye reli za mashine ya kukereza chuma, linakuwa msasa. Geuza mlango mkubwa uelekee kaskazini. Ukilazimika magharibi, refusha paa mbele kuzuia jua la jioni.

Kabla ya kumwaga zege, laza mabomba ya nyaya za fezi tatu (umeme wa nyaya tatu za moto, wa mashine kubwa) hata kama bado unatumia fezi moja, ule wa kawaida wa nyumbani. Ongeza bomba moja tupu, kuvunja sakafu baadaye ni gharama (na kelele!). Udongo mweusi wa mbuga uondoe, jaza kifusi, shindilia. Huo huvimba masika, hupasuka kiangazi.