Pima Umbali Kwanza, Ruta Baadaye

"Fundi, ruta gani ina nguvu?" Swali hili napigiwa simu kila wiki, na kila wiki najibu kwa swali: kutoka wapi hadi wapi? Hapo simu hunyamaza kidogo. Mtu ameshavutiwa na ruta (kifaa cha kusambaza Wi-Fi) yenye antena nane zilizosimama kama miguu ya kaa, lakini hajahesabu hata hatua kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua karatasi. Chora vifaa vyako pale vilipo, na pembeni ya kila kimoja andika mambo matatu: kiko umbali gani na kile kinachoongea nacho, kinatuma data nyingi au chache, na kinakula umeme wa ukutani au wa betri. Kisha weka alama ya kila kinachosimama njiani: ukuta wa zege, bati, tanki la maji, kioo kikubwa cha kujitazamia (mgongoni kina utando wa chuma), mti. Mti usiudharau, nitaurudia.

Karatasi hiyo inatosha kwa sababu mawimbi ya redio yana tabia moja isiyobembelezeka. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika inabaki robo. Ukitaka kufika mbali zaidi itabidi uongeze nguvu ya kurusha, betri ikaisha; au upunguze kasi ya data; au ushuke kwenye masafa ya chini, yaani mitetemo michache kwa sekunde (megahezi ni milioni, gigahezi ni bilioni); au ukusanye mawimbi yote upande mmoja kwa antena ya mwelekeo. Anayetaka kilomita, kasi ya video na betri ndogo ya saa vyote kwa pamoja ni yule mpanda farasi wawili.

Tuanze karibu kabisa, kwenye sentimita. NFC, ile redio ya kadi za kugusisha na ya kulipa kwa simu, inatumia megahezi 13.56 na kwa kawaida inakoma kwenye sentimita 4 hivi. Ufupi huo ndio kazi yenyewe: hutaki kadi yako iitikie kisomaji cha mtu aliyesimama mita tatu nyuma yako. Kibandiko cha NFC hakina hata betri, kinajipatia umeme kutoka kwenye kile kinachokisoma. Nimebandika kimoja kwenye mlango wa mbao wa kabati langu. Mgeni akigusisha simu anaingia kwenye Wi-Fi bila mimi kumtajia nenosiri herufi kwa herufi. Ukikibandika juu ya chuma hakitasomeka, labda uchukue kile chenye tabaka la feraiti (kinga ya sumaku) mgongoni.

Ukivuka hapo hadi kama mita 10 uko kwenye eneo la Bluetooth, jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10. Ile ya sauti hurukaruka kwenye chaneli 79 (vijia ndani ya masafa yake), mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa kelele, yaani mawimbi ya vifaa vingine. Ile ya kula umeme kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, ndiyo ya saa za mkononi na vihisi vidogo. Kama hedifoni zako zinakatikakatika ukitembea, usizilaumu bado. Mwili wako umejaa maji, na maji yanakula masafa ya gigahezi 2.4. Hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma uiweke mfuko wa mbele, upande uleule wa hedifoni inayopokea. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Kuna kisa kilichonisumbua siku mbili nzima. Kipanya changu kisicho na waya kilianza kusitasita, mshale unaganda, unaruka, unaganda tena. Nikabadilisha betri, nikabadilisha kipanya. Siku ya pili jioni nikachomoa diski ya nje ili nikaihifadhi, na mshale ukateleza kama umepakwa mafuta. Nikaichomeka, ukaganda. Kumbe diski ile ya USB 3.0 ilikuwa inavujisha kelele kwenye gigahezi 2.4, na kipokezi cha kipanya kilikuwa kwenye tundu la jirani, karibu kugusana. Nikakisogeza kwa waya wa USB wa nusu mita, kazi ikaisha. Tangu hapo naanza na kilicho jirani kabla ya kubadilisha chochote.

Taa na swichi za kisasa nyingi zinatumia Zigbee, redio ya vifaa vidogo vya nyumbani, ambayo kasi yake ni kilobiti 250 tu kwa sekunde, na kwa kuwasha taa hiyo ni nyingi. Vifaa vyake vinapokezana ujumbe, lakini vile vilivyochomekwa kwenye umeme tu. Vya betri vinasinzia. Ukianza na vihisi vya betri peke yake unajenga msafara usio na wabebaji. Weka plagi au taa za Zigbee katikati kwanza, kisha waambie wenzako wa nyumbani wasizizime ukutani.

Sasa Wi-Fi, ambako malalamiko ni mengi kuliko kwingine kote. Toa ruta ndani ya kabati, itoe nyuma ya televisheni, iweke juu na katikati ya eneo unalolitumia. Halafu pakua programu ya kupimia Wi-Fi kwenye simu, usome desibeli, kipimo cha nguvu inayofika, zile namba zenye alama ya kutoa. Tembea chumba kwa chumba ukiandika kwenye ile karatasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 bado inabeba simu ya video, hasi 80 utaona jina la mtandao na kuishia kulitazama. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu, kwa hiyo tofauti ya 67 na 70 si ndogo kama inavyoonekana.

Gigahezi 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini imejaa: Bluetooth iko humo, tanuri la mikrowevu liko humo, majirani wote wamo. Gigahezi 5 ina nafasi na kasi, ila ukuta wa zege unaikomesha mapema. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani, na acha upana wa chaneli kwenye megahezi 20. Aliyekushauri chaneli 3 kwa sababu "haina watu" amekuweka katikati ya kelele za pande mbili. Kwenye usalama chagua WPA3 (kufuli jipya la Wi-Fi), au WPA2 kama kuna vifaa vya zamani, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN.

Ile "ruta yenye nguvu" je? Fikiria watu wawili bondeni, mmoja ana kipaza sauti, mwingine ananong'ona. Simu yako itaisikia ruta na kuchora vistari vyote, lakini jibu la simu halifiki. Dawa ya eneo kubwa ni kuongeza kituo cha pili cha Wi-Fi na kukiunganisha kwa waya. Kama waya haupiti kabisa, tumia ripita, kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena, ukijua kwamba ya redio moja inagawa kasi nusu kwa nusu, na mahali pake ni katikati ya njia, pale mawimbi bado ni mazima. Wengi huichomeka palepale penye kiza, ikarudia kiza.

Kuunganisha majengo mawili yaliyo mbali, tumia antena mbili za mwelekeo za gigahezi 5 zinazotazamana. Kuonana kwa macho pekee hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi iliyovimba katikati kama mwili wa samaki: kwa kilomita 1 kwenye gigahezi 5.8, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha karibu mita 3.6 katikati ya njia, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 2 na ushee kila upande wa mstari. Mimi niliwahi kufunga kiungo kupitia juu ya matawi makavu. Kilifanya kazi vizuri kwa miezi, nikajisifu. Majani yalipochipua kikaanza kudondosha data, mvua ikanyesha juu ya majani kikafa kabisa. Nikarudi na mlingoti mrefu zaidi, safari hii bila majisifu.

Kihisi cha kina cha maji ndicho kilichonifundisha LoRa, redio ya kutuma data chache mbali kwa umeme kidogo. Kilikuwa kwenye tanki mbali na nyumba, nikakipa Wi-Fi kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Betri hazikumaliza mwezi. Kila kikiamka kilihangaika kuitafuta ruta, kujitambulisha, kuomba anwani, yote hayo ili kitume namba mbili. LoRa inatuma taratibu sana, makumi machache ya kilobiti kwa sekunde ikikimbia na chini ya kilobiti 1 ikitambaa, lakini inafika kilomita kadhaa, kisha inalala usingizi mzito. Ulaya inatumia megahezi 868, Marekani 915. Angalia sheria ya nchi yako kabla ya kuagiza, maana moduli ya masafa mengine itakuwa takataka mkononi. Usijaribu kupitisha picha humo.

Mtandao wa simu unafuata kanuni ileile. Masafa ya megahezi 700 au 800 yanafika mbali na kuingia ndani ya majengo, gigahezi 3.5 ya 5G ina kasi lakini inachoka mapema. Ruta ya 4G iweke dirishani upande wa mnara, uisogeze ukisoma namba ya RSRP (nguvu ya mnara inayofika) kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Karibu na hasi 80 ni raha, hasi 110 ni taabu.

Pasipo na mnara, inabaki satelaiti. Zile za kilomita 35,786 zinaonekana kusimama mahali pamoja angani, lakini ishara kupanda na kushuka tu ni robo sekunde, swali na jibu ni nusu. Barua pepe haitajali, maongezi ya simu yatagongana. Za karibu, kama kilomita 550 juu, hujibu haraka zaidi, ila zinapita mbio na dishi lake linataka anga pana lisilozibwa. Kabla ya kutoboa paa simama pale litakapokaa dishi, geuka mzunguko mzima ukitazama juu. Ukiona matawi makavu, yahesabu kama yana majani.