Sisti bandia ya kongosho: namna ya kufikia msimbo sahihi wa ICD-10

Msimbo wenyewe katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni K86.3, na kuukumbuka si kazi. Kazi iko kwenye faili la mgonjwa: daktari wa wodi ameandika "sisti", ripoti ya picha inasema "mkusanyiko wa maji", na tarehe maumivu yalipoanza haionekani popote. Ukichagua msimbo kabla ya kusoma hayo matatu kwa pamoja, unakisia tu.

Kwanza ujue unachokipa msimbo. Sisti bandia ni kifuko cha maji yenye vimeng'enya vya kongosho, yaliyovuja kwenye mirija yake baada ya kongosho kuvimba au kuumia tumbo lilipogongwa. Mwili huyazungushia ukuta wa tishu ngumu ya kovu. Ukuta huo hauna utando wa seli za epithelia (seli zinazofunika nyuso za viungo), na ndiyo maana ikaitwa bandia: sisti halisi inao. Kwenye orodha ya ICD-10 hizi mbili zinakaa jirani, K86.2 kwa sisti ya kongosho na K86.3 kwa sisti bandia, na kosa la kuzibadilishana ni rahisi mno kwa mtu mwenye haraka. Sisti ya kuzaliwa nayo iko mbali kabisa, Q45.2.

Anza kwenye faharasa ya alfabeti, neno Pseudocyst (sisti bandia), kisha shuka hadi kongosho. Usiishie hapo. Fungua orodha kuu kwenye K86 usome maelezo yaliyo chini ya kichwa, hasa yanayotaja magonjwa ya kuondolewa kwenye kundi hilo. Ukianzia kwenye neno "sisti", faharasa itakupeleka K86.2 usiposoma mistari iliyo chini yake.

Sasa tarehe. Kwa mgawanyo wa Atlanta, utaratibu wa kimataifa wa kuainisha kongosho kuvimba ghafla, uliorekebishwa mwaka 2012, maji yaliyojikusanya kando ya kongosho hayaitwi sisti bandia mpaka zipite takriban wiki 4 tangu ugonjwa uanze, kwa sababu kabla ya hapo ukuta huwa haujakomaa. Chukua ripoti inayosema: "Mkusanyiko wa maji wa sm 5 karibu na mkia wa kongosho, hauna ukuta dhahiri, siku ya 12." Hiyo si K86.3, hata kama mtu ameandika sisti bandia kwenye fomu ya rufaa. Hapo ugonjwa unaotibiwa ni kongosho kuvimba ghafla, yaani K85: K85.1 kwa ugonjwa uliotokana na mawe ya nyongo, K85.2 kwa pombe, K85.3 kwa dawa, K85.9 kama chanzo hakikuandikwa. Toleo la Marekani, ICD-10-CM, linadai tarakimu moja zaidi kuonyesha kama kuna tishu zilizokufa na kama zimeingiwa na vijidudu, hivyo kule K85.1 peke yake itarudishwa kwa kuwa haijakamilika. K86.3 yenyewe imekamilika katika matoleo yote mawili.

Mtego mkubwa kuliko wote ni kifuko chenye mabaki ya tishu zilizokufa. Kwenye picha ya CT kinaweza kufanana kabisa na sisti bandia. MRI na altrasaundi ya endoskopia (inayopigwa kwa mrija unaopitishwa ndani ya mwili) ndizo zinazoonyesha mabaki vizuri. Tofauti hiyo hubadilisha matibabu, maana maji matupu hutoka kwa mrija lakini mabaki huuziba. Ripoti mbili zikipingana, mwulize daktari kwa maandishi, na swali lisimwelekeze kwenye jibu: "Naomba ufafanue aina ya mkusanyiko ulioonekana kwenye picha ya tarehe fulani." Usiamue mwenyewe kwa kusoma picha.

Majibu ya maji yaliyovutwa kwa sindano yanasaidia kujua kama kuna swali la kumwuliza daktari. Amailesi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho, huwa juu sana kwenye sisti bandia. Ikiwa chini ya uniti 250 kwa lita, utambuzi huo una mashaka makubwa. CEA, protini inayopimwa kama alama ya uvimbe, ikizidi nanogramu 192 kwa mililita, huashiria sisti ya ute, ambayo ni uvimbe wa aina nyingine. Daktari akithibitisha uvimbe usio saratani, ni D13.6. Akiandika kwamba tabia yake haijulikani, ni D37.7 kwenye toleo la WHO na D37.8 kwenye lile la Marekani.

Mpangilio hufuata sababu ya kulazwa. Aliyelazwa ili kifuko kitolewe maji, K86.3 inatangulia, na ugonjwa sugu wa kongosho unafuata kama umeandikwa: K86.0 kwa wa pombe, K86.1 kwa mwingine. Aliyelazwa kwa kongosho kuvimba ghafla, K85 hutangulia. Utaratibu wa kutoa maji una msimbo wake kando.

Neno "huenda" nalo liangaliwe. Kwa kanuni za Marekani, mgonjwa wa nje mwenye "huenda ni sisti bandia" hupewa msimbo wa dalili, mathalani R10.13 kwa maumivu ya chembe ya moyo. Aliyelazwa, utambuzi ukibaki hivyo hadi anaruhusiwa, huandikwa kana kwamba umethibitika.

Mwisho, hakikisha kiungo. Sisti bandia ya retina ni H33.1, sura ya macho.