Homa isiyokwisha: pima pia saratani ya damu

Mtoto anafika hospitali ya Bombo, Tanga, viganja vyeupe kwa upungufu wa damu. Dawa ya malaria amemaliza, homa iko palepale. Usiandike dozi nyingine kwanza. Bonyeza mifupa ya miguu, papasa wengu na tezi, tafuta vidoa vyekundu visivyofifia ukivibonyeza. Damu iingie chupa ya kifuniko cha zambarau, ipimwe picha kamili, yaani hesabu ya seli zote za damu. Seli nyeupe zinaweza kuwa nyingi, chache, hata za kawaida, kwa hiyo zisikutulize: wingi wa damu na chembe sahani (zinazogandisha damu) vikishuka pamoja, omba slaidi ya damu isomwe kwa macho kwa hadubini, maana mashine huweza kuhesabu seli changa za saratani kama limfosaiti, aina ya kawaida ya seli nyeupe. Tafadhali, deksamethasoni (dawa ya steroidi) isitangulie kipimo cha uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Huua seli hizo za saratani na kuficha ugonjwa. Neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, antibayotiki ya mshipa ndani ya saa 1, rufaa ya Muhimbili ikiandaliwa.