Somo: Nzi mwenye mabawa manne, na jinsi ya kuifuatilia jeni ya Ubx tangu yai

Mtazame nzi wa matunda kwa lenzi. Ana jozi moja tu ya mabawa, na nyuma yake vijirungu viwili vidogo vyenye vichwa vya mviringo. Vijirungu hivyo ni halteri. Nzi anaporuka, hupigapiga pamoja na mabawa na kumjulisha mwili unageukia upande gani. Ukimkata halteri, anaanguka. Jeni inayoamua kwamba mahali pale paote halteri na si bawa ni Ultrabithorax, kwa kifupi Ubx.

Shikeni jambo moja tangu sasa, maana nimeona wanafunzi wazuri sana wakikwama hapa. Jeni hii isipofanya kazi mahali pale, kiungo hakitoki kibovu. Linatoka bawa kamili, na mishipa yake yote, ila limeota pasipo pake. Kwa hiyo kila mtakachokiona hapa chini, msiulize tu "kimeharibika nini?" Ulizeni "pingili hii, yaani kipande hiki cha mwili, inajidhania ni ipi?"

Hatua ya 1: Mjue nzi mzima

Kifua chake kina pingili tatu, kila moja na jozi ya miguu. Ya pili hubeba mabawa, ya tatu hubeba halteri. Kisha linafuata fumbatio lisilo na miguu. Mchore kwa mkono wako, usinakili picha. Kwa zoezi hili huhitaji maabara: ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa, mdomo wazi siku moja, kisha uzibe kwa pamba. Nzi huyu, Drosophila melanogaster, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, akatapakaa duniani akifuata watu na vyakula vyao. Huenda wakaingia na ndugu zake wa jamii nyingine. Kwa kujifunza kutambua halteri, si neno.

Hatua ya 2: Zijue siku zake

Kwenye nyuzi joto 25, yai huanguliwa baada ya siku moja hivi. Buu hula siku nne akijivua ngozi mara mbili, kisha hugeuka bundo, yaani hutulia ndani ya ganda akibadilika, na karibu siku ya 10 nzi anatoka. Kwenye nyuzi 18 muda huo hukaribia kuwa mara mbili. Joto likizidi 30 madume huwa tasa, kwa hiyo aliye Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari aiweke chupa penye kiyoyozi.

Viungo vya nzi mzima havianzi kwenye bundo. Tayari buu anavyo vifuko vya seli ndani ya mwili: kifuko cha bawa, kifuko cha halteri, na vinginevyo. Kifuko cha bawa huanza na makumi ya seli na kufikia maelfu mengi kabla ya bundo. Katika kifuko cha halteri Ubx inafanya kazi. Protini yake hushika DNA na kuzima jeni za kujenga bawa, nyingi kwa pamoja. Katika sehemu ya kifuko cha bawa inayojenga bawa lenyewe, haifanyi kazi.

Hatua ya 3: Pata nzi wenye badiliko la jeni

Hawa hawaokotwi kwenye ndizi. Vyuo huwaagiza kutoka vituo vya kuhifadhi nzi, kama kile cha Bloomington, Indiana, Marekani, kwa kibali cha kuingiza viumbe hai. Nzi mwenye nakala moja ya Ubx iliyoharibika na moja nzima huishi vizuri. Halteri zake tu zimevimba kidogo. Uvimbe huo ni alama nzuri hata kwa kazi nyingine: kromosomu maalumu iitwayo TM2, inayotumika sana maabara, hutambulika kwa halteri hizo.

Hatua ya 4: Wazalishe, uhesabu

Wapandishe kwa nzi wa kawaida, kisha chagua watoto wenye halteri zilizovimba. Majike wakusanywe ndani ya saa 8 tangu watoke kwenye bundo, la sivyo watakuwa wamekwisha kupandwa na kaka zao wa kawaida na hesabu yote itavurugika. Waweke pamoja, waume kwa wake.

Nzi wazima watakaotoka watakuwa wawili wenye uvimbe kwa kila mmoja wa kawaida. Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi, alitufundisha kutegemea makundi matatu, moja kwa mbili kwa moja. Robo moja haipo.

Hatua ya 5: Itafute ile robo

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na ndipo wengi huacha kutazama. Waliorithi nakala zote mbili mbovu hufa ndani ya yai au punde tu baada ya kuanguliwa. Kusanya mayai, yaache zaidi ya siku moja, chukua yasiyoanguliwa pamoja na mabuu waliokufa. Ondoa ganda la nje kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika mbili, suuza sana. Wasafishe kwa asidi ya lakti kwenye joto hadi libaki gamba la ngozi, kisha hadubini.

Upande wa chini wa buu kuna mikanda ya vijimeno vinavyomsaidia kutambaa. Buu wa kawaida ana mikanda mitatu myembamba ya kifua, kisha minane mipana ya fumbatio. Huyu aliyekufa ana minne myembamba na saba mipana. Pingili ya kwanza ya fumbatio imejidhania ni kifua! Nakumbuka mara ya kwanza nilipohesabu. Nilirudia mara tatu, nikamwita mwenzangu naye ahesabu.

Hatua ya 6: Mabawa manne

Kama kukosa Ubx kunaua, yule nzi maarufu wa mabawa manne anaishije? Sehemu ya jeni inayotoa protini ni nzima. Kilichoharibika ni swichi za DNA zinazoiwasha jeni hiyo katika pingili ya tatu ya kifua. Badiliko la bithorax, lililogunduliwa na Calvin Bridges mwaka 1915, hugeuza nusu ya mbele ya halteri kuwa nusu ya mbele ya bawa. Jingine, postbithorax, hugeuza nusu ya nyuma. Edward Lewis, wa chuo cha Caltech, California, aliyaunganisha mabadiliko ya namna hii katika nzi mmoja akapata bawa zima. Makala yake kubwa ilitoka 1978, na 1995 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus. Nzi huyo, pamoja na mabawa yote hayo, haruki.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni mkulima wa maembe. Je, ndio hawa wanaotutoboa matunda?*

Hapana, ndugu. Wa maembe ni wa familia nyingine. Msumbufu mkubwa ni Bactrocera dorsalis kutoka Asia, aliyetambuliwa Kenya mwaka 2003. Hata yeye ana halteri.

*Shikamoo mwalimu. Ubx ndiyo huzuia bawa, na pingili ya kwanza ya kifua haina Ubx. Mbona haioti bawa?*

Marahaba. Swali zuri kuliko somo langu. Pale kuna jeni nyingine ya ukoo huohuo, Sex combs reduced, inayozuia bawa. Pingili ya pili ndiyo pekee ambayo haizuiwi.

*Binadamu tunazo?*

Tunazo 39 za ukoo huu, katika makundi manne. Mojawapo, HOXD13, ikibadilika, vidole huweza kuungana au kuzidi.

*Nimemwona nzi mwenye halteri kama bawa, na alipokuwa yai aliwahi kupata mvuke wa etha. Ni badiliko la jeni?*

Si lazima. Mvuke wa etha kwenye yai la saa tatu hivi huweza kuleta umbo hilohilo bila DNA kuguswa. Mpandishe kwa nzi wa kawaida, kisha uwapandishe watoto wao kwa wao. Kama ni jeni, umbo litarudi kwa wajukuu.