Somo: Kupiga picha ghala la kale la nafaka ili historia yake isomeke

Wengi wetu tulioko Uingereza tumetua Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, tukachukua mizigo yetu tukaondoka. Kaskazini kidogo tu ya njia za ndege, katika kijiji cha Harmondsworth, limesimama ghala la nafaka la mbao za mwaloni lililojengwa mwaka 1426. Urefu wake unakaribia mita 60, upana mita 12, na kimo cha paa mita 11 hivi. Mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex, kaunti ya zamani ya eneo hilo, na ukiingia ndani utamwelewa. Lakini kanisa halikuwa. Hapa yaliwekwa mavuno ya ngano, shayiri na oti ya shamba la Chuo cha Winchester, shule iliyoanzishwa 1382, na mapato ya shamba yakasaidia kuiendesha shule hiyo.

Ghala lilikuwa limeachwa likichakaa hadi English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale ya Uingereza, walipolinunua mwaka 2011 na kulikarabati. Nimelichagua kwa somo hili kwa sababu sehemu kubwa ya mbao zake ni zile zile za karne ya 15, na pale palipobadilishwa panaonekana. Picha nyingi za maghala ya namna hii huonyesha miale ya jua ikipenya vumbini, basi. Zinapendeza, lakini hazimwambii mtazamaji nani alijenga, nani alipura, nani alitengeneza upya. Sisi tunataka picha inayosomeka.

Hatua ya 1: Fika asubuhi

Ghala hufunguliwa bure Jumapili ya pili na ya nne ya mwezi, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Hakikisha kwanza kabla ya kusafiri. Milango yake mikubwa mitatu iko upande wa mashariki, kwa hiyo mwanga mzuri wa ndani ni wa mapema, jua likiwa bado upande huo. Ukifika alasiri utakuta giza na vivuli visivyo na umbo. Waulize wahudumu kama stendi ya miguu mitatu inaruhusiwa siku hiyo. Mara nyingi jibu hutegemea wingi wa wageni.

Hatua ya 2: Zunguka nje kabla ya kuingia

Simama penye kona ili upate ubavu mrefu na upande wa mwisho kwa pamoja. Ukilipiga kutoka mbele moja kwa moja, urefu wote unapotea. Siku ya mawingu usivunjike moyo, maana mbao za ukutani huonyesha nyufa na misumari yake vizuri zaidi bila jua kali. Na ndege ikipita juu ya paa, ipige pia. Mpango wa kuongeza njia ya tatu ya kurukia ndege Heathrow umekitishia kijiji hiki kwa miaka mingi, na hiyo nayo ni sehemu ya habari za ghala.

Hatua ya 3: Picha ya urefu wote

Ndani, safu mbili za nguzo zinaligawa ghala kuwa ukumbi mpana wa katikati na vijia viwili vya pembeni. Simama katikati kabisa, kamera iwe sawa, isiinamishwe juu wala chini. Ukiinua kamera kufuata paa, nguzo zitaonekana zinaangukiana kwa ndani, na fundi aliyezisimamisha wima miaka mia sita iliyopita hakustahili hilo. Tumia lenzi ya milimita 24 hivi, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 hadi 400, na uache shata ifunguke hata sekunde mbili kamera ikiwa kwenye stendi. Milango itakuwa nyeupe kupita kiasi. Piga tatu bila kusogeza kamera: moja ya kawaida, moja yenye giza zaidi, moja yenye mwanga zaidi, kisha uziunganishe kwenye programu ya kuhariri. Usizidishe, ghala lilikuwa na giza, na giza hilo libaki.

Hatua ya 4: Kazi ya mikono

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Anza chini. Nguzo zimekalishwa juu ya mawe ili zisinyonye unyevu wa ardhi. Kisha panda na macho hadi pale nguzo inapokutana na boriti. Mara nyingi maseremala wa Kiingereza wa zama zile walisimamisha nguzo kichwa chini, upande wa shina ukaenda juu, kwa kuwa pale ni panene na panatosha kubeba viungo kadhaa pamoja. Tafuta ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu na kufungwa kwa kigingi cha mti. Kwa viungo hivi lenzi ya milimita 70 hadi 100 inafaa.

Zima flashi. Chukua tochi ndogo, mwenzako aishike pembeni karibu na uso wa mbao, mwanga uteleze juu yake badala ya kuipiga usoni. Ghafla utaona makovu ya shoka na tezo. Maghala ya zama hizo mara nyingi yana pia alama za maseremala, mistari kama namba za Kirumi, maana kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ziliunganishwa kwanza chini kwa majaribio, zikafunguliwa, kisha kila kipande kikarudishwa mahali pake kwa kufuata alama. Ukiipata, piga mara mbili: ya karibu, na ya mbali inayoonyesha iko nguzo gani.

Hatua ya 5: Kiungo cha kale na kipya

Mpiga picha huvutiwa kukwepa mbao mpya kwa sababu rangi yake inavuruga. Nawasihi msifanye hivyo. Palipotiwa kipande kipya ndipo jengo linaposema lilioza wapi na nani akajali. Weka fremu ili mpaka wa mbao mbili upite katikati. Hata taa za umeme, ziache.

Hatua ya 6: Kipimo na maandishi

Katika picha chache weka rula ya fundi au mtu aliyesimama wima. Ghala lina vyumba 12, yaani nafasi zilizo kati ya kenchi moja na nyingine. Vihesabu kutoka upande mmoja, na kila picha iandikie namba ya chumba, upande uliokuwa ukitazama, na tarehe. Fanya usiku huo huo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu. Nijisumbue?* (Leicester)

Marahaba. Jisumbue. Tumia lenzi kuu ya simu, si ile pana mno inayopinda nguzo za pembeni. Gusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye kioo kisha punguza mwangaza kidogo. Iegemeze simu juu ya begi na uweke saa ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise. Kwa hatua ya 4, simu na tochi vinatosha kabisa.

*Kaka, droni je? Paa lile kutoka juu lingependeza.* (London)

Hapana. Kijiji kimo ndani ya eneo lililozuiwa la uwanja wa ndege. Kurusha bila kibali ni kosa la jinai.

*Nigeuze nyeusi na nyeupe?* (Birmingham)

Kwa maumbo ya kenchi, sawa. Kwa hatua ya 5, usiguse rangi. Mwaloni wa kale ni kijivu na mpya una umanjano, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi wenyewe.

*Mimi niko Muheza. Maghala ya mwaloni hatuna, ila kuna majengo ya zamani ya mashamba ya mkonge. Somo linafaa?* (Tanga)

Linafaa, dada, na natamani uanze mapema. Omba ruhusa ofisi ya shamba kwanza. Ndani, tafuta mahali ilipofungwa korona, mashine ya kutenganisha nyuzi za mkonge: misingi ya saruji, tundu la mkanda ukutani, mfereji wa maji. Bati jipya juu ya kenchi za zamani lipige kama hatua ya 5 inavyosema. Unachoweza kukipata wewe ambacho mimi Harmondsworth siwezi ni wazee waliofanya kazi pale. Mwombe mzee mmoja asimame alipokuwa akisimama, aeleze manamba, vibarua wa mkataba, walipanga foleni wapi na kipande, kadi yao ya kazi, kilijazwaje. Rekodi sauti yake kwa simu, andika jina lake kama ameridhia, na umpelekee nakala ya picha iliyochapwa.