Jinsi ya kumwandikia mdoli wako historia ya nguvu zake, isiwe ile ile ya kila mdoli

Watu wengi wanaonunua midoli ya mitumba na kuitengeneza upya wako vizuri sana kwenye kuchora sura na kushona nguo, shida inaanza wakifika kwenye historia. Mdoli kapendeza, kope zimechorwa moja moja kwa brashi nyembamba, nguo imepigwa pasi, halafu unageuza kadi yake unakuta imeandikwa alizaliwa na nguvu za ajabu, anapaa, ana nguvu za wanaume mia, anapambana na waovu. Basi, imeisha. Kadi hiyo ukiihamishia kwa mdoli wa jirani inamkaa vile vile, hakuna atakayeshtuka.

Sasa mi ninavyofanya ni hivi, historia naitoa kwenye mwili wa mdoli mwenyewe. Sianzi na nguvu. Namshika mkononi, namgeuza, nakunja kila kiungo, naangalia wapi pamegoma, wapi pamechunika, wapi kuna tundu, kitu gani kinachomoka, na kila kasoro naiandika pembeni kwenye karatasi. Nguvu itatoka humo humo. Na hii siyo akili yangu, wenye viwanda wamefanya hivyo miaka mingi tu.

Chukua Steve Austin aliyetolewa na kampuni ya Kenner mwaka 1975, yule mwanaanga wa kwenye tivii ambaye alipata ajali akaundwa upya kwa mitambo. Mdoli wake alikuwa na tundu nyuma ya kichwa, mtoto anachungulia humo anaona mbele kupitia jicho lake, mkononi alikuwa na ngozi ya mpira unaikunja kama mkono wa shati unakuta vifaa vya umeme ndani, na mgongoni kuna kitufe, ukikibonyeza mkono unapanda unanyanyua injini ya gari aliyouzwa nayo. Yaani nguvu hizo zote ni vitu ambavyo vidole vya mtoto vinaweza kumfanyisha. Hapo ndo kwenye kipimo chenyewe: kama nguvu uliyoandika haiwezi kuoneshwa na mdoli aliyekaa mezani bila wewe kupiga kelele za mdomo, itafute nyingine.

Frankie Stein wa Monster High naye, ile midoli ya wanafunzi ambao ni watoto wa mazimwi, Mattel waliileta 2010, mikono yake inachomoka. Midoli yao ilitengenezwa hivyo ili nguo zipite kirahisi, nguo zao zinabana sana, lakini kwa Frankie ikaingia kwenye historia kwamba yeye kaungwa kwa nyuzi na nyuzi zikilegea mkono unadondoka popote pale. He-Man, shujaa mwenye misuli, na adui yake Skeletor, wa mwaka 1982, kila mmoja alikuja na nusu ya upanga, ukiziunganisha zinashikana kweli, na kijitabu cha vibonzo kilichokuwa kwenye pakiti kikasema upanga mzima ndo ufunguo wa ngome wanayoigombania. Mtoto ana nusu moja, lazima alie anunuliwe nusu ya pili. Biashara hiyo, ila na historia pia ikawa tamu.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Snake Eyes. Mwaka 1982 Hasbro walipoleta G.I. Joe, midoli ya wanajeshi, wadogo wa inchi 3 na robo tatu, mmoja alitoka mweusi tii, plastiki nyeusi haijaguswa na brashi, kwa sababu walitaka kubana gharama za kupaka rangi. Kwingine wangemtupa. Wao wakamuandikia kadi ambayo jina lake ni siri, kwao ni siri, na baadaye kwenye vibonzo ikaja kuelezwa kwamba uso wake uliharibika kwenye ajali ya helikopta na sauti ikapotea. Mdoli aliyetengenezwa kwa gharama ndogo kuliko wenzake akawa ndo kipenzi cha wengi, na hakuwahi kusema neno.

Haya, sasa tufanye kazi. Nina mdoli hapa, wa sentimita 29 hivi, wa mitumba, nimeshamfuta sura kwa asetoni (asetoni iishie kichwani ambako ni laini, ikigusa mikono na miguu ya plastiki ngumu inayeyuka na inabaki na ukungu mweupe ambao hautoki). Karatasi yangu inasema hivi: kiwiko cha kulia hakikunji kabisa, mkono umenyooka mbele na kiganja kimefunguka, masikio yana matundu makubwa kama mtu alilazimisha hereni za kweli zipite, nywele zimekatwa na mtoto kwa hasira, na chini ya kwapa la kushoto kuna ufa mdogo, mfupi kuliko ukucha.

Mtu wa haraka atasema mkono umenyooka basi arushe moto. Hapana bwana, kila mtu anarusha moto. Jiulize swali la kawaida kabisa, binadamu ananyoosha mkono na kufungua kiganja akiwa anafanya nini? Anasimamisha gari, anazuia mlango, anashikilia ukuta, anakataa. Nikachukua kushikilia. Masikio makubwa, basi anasikia. Anasikia nini na anashikilia nini? Jibu liko kwapani, anasikia nyufa na anashikilia nyufa. Ona sasa, nguvu imekuja yenyewe na kila kitu ulichotaka kukificha kwa rangi kimepata kazi.

Nguvu iandike kwa sentensi moja yenye kitenzi, "anasikia ufa kabla haujafunguka, na akiuwekea kiganja hauendelei". Ukiona sentensi yako ina neno "nguvu" ndani yake bado hujaandika kitu. Na iwe moja. Watu wanapenda kurundika, anasoma mawazo, anaganda muda, anaongea na wanyama, matokeo yake hakuna tatizo linaloweza kumshinda na mtu ambaye hashindwi hana stori. Hapa mi nimempa vitu viwili lakini ni kazi moja, kusikia ndo kunampeleka mkono.

Kabla hujaandika nguvu alizipataje, mpe kwao na mpe kazi. Hili watu wanaliruka sana. Kadi za G.I. Joe zilizokuwa nyuma ya pakiti, zile za kukata kwa mkasi, nyingi aliandika Larry Hama ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanajeshi, na kila moja ilikuwa na jina halisi, cheo, utaalamu wa kwanza, utaalamu wa pili na mahali alipozaliwa. Scarlett kwao Atlanta, Duke kwao St. Louis. Mambo madogo hayo ila yanamfanya mtu aamini hata yale makubwa, kwa sababu mtu mwenye kwao ana watu wanaomjua, ana lafudhi, ana chakula alichokizoea.

Huyu wangu nikamtoa Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, ng'ambo ya Bweni, pale unapovuka mto kwa kivuko. Sababu ya Pangani siyo mapenzi tu, nilikuwa natafuta kazi ambayo mtu anaishi kwa kusikiliza nyufa, na mafundi mashua ndo hao. Mashua ya mbao ina upenyo kati ya ubao na ubao, fundi anagongomelea kalafati humo, zile nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, anapita na patasi butu na nyundo mdogo mdogo mpaka pajae, na mlio wa nyundo unabadilika pakishajaa, kwanza unalia mzito kama pamba halafu unakuwa mkavu. Fundi mzuri hatazami, anasikiliza. Basi jina la kazi likapatikana hapo hapo, Kalafati, na jina alilopewa nyumbani ni Mwanakombo.

Chanzo cha nguvu kikitoka kwenye kazi hakihitaji radi, wala mnyama wa ajabu kumng'ata, wala kimondo kudondoka. Mwanakombo alikuwa analala ndani ya mashua zinazotengenezwa na babake, sikio kwenye ubavu, tangu hajaanza kutembea. Siku moja akaamka akasema ile inaingia maji, na ile mashua ilikuwa iko katikati ya bahari, haionekani. Inatosha. Usieleze zaidi ya hapo, ukianza kuleta sayansi ya kutunga msomaji naye anaanza kuikagua.

Sasa bei, yaani nguvu hiyo inamgharimu nini. Hapa ndo kaa sana. Monster High kwenye maelezo ya midoli yao waliweka sehemu ya udhaifu, na Draculaura ndo mfano mtamu, ana miaka 1,600, ni vampaya, yaani mnyonya damu wa hadithi, na hali nyama, akisikia habari za damu tu anazimia. Udhaifu wake umekaa pale pale ilipo asili yake. Na wako ukae hapo. Usimpe udhaifu wa kuokoteza, eti anaogopa paka, paka anahusikaje?

Kwa Kalafati nilirudi kwenye kiwiko. Akishaweka kiganja kwenye ufa kiwiko kinakaza, hawezi kuondoka mpaka fundi mwingine aje azibe. Ukuta wa shule umeshikiliwa, sawa, lakini yeye kasimama hapo usiku kucha na mvua inanyesha na upande wa pili wa mto anasikia ubao wa kivuko unaanza kuachia. Anamuokoa nani? Hiyo stori inajiandika yenyewe wala hujamtafutia adui. Tena adui wa kuvaa joho jeusi huyu hamhitaji kabisa, anayemsumbua ni mkandarasi anayepunguza saruji kwenye zege, na hajui hata kama Kalafati yupo.

Bei nyingine ndogo ndogo za kila siku nazo weka moja, zinasaidia mdoli kuwa mtu. Hawezi kulala kwenye nyumba za zege, zinampigia kelele. Akienda mjini kwa shangazi yake analala nje barazani na shangazi anaona kama dharau. Nywele je? Alizikata mwenyewe, zilikuwa zinamziba masikio. Kumbe yule mtoto mwenye mkasi alikuwa anajua anachofanya.

Halafu bakiza shimo. Kitu kimoja usikieleze, na kiwe kinaonekana kwa macho. Kwa Snake Eyes ilikuwa ni uso. Kwa huyu ni ule ufa wa kwapani, sikuuziba kwa gundi, nimeuacha. Anasikia nyufa zote isipokuwa wa kwake. Umetokana na nini, utafika wapi, kadi haisemi.

Kadi yenyewe iwe fupi, maneno mia moja hivi, ikizidi watu hawasomi. Isome kwa sauti, ukipungukiwa pumzi kata. Hii ya kwangu:

Jina la kazi: Kalafati
Jina la nyumbani: Mwanakombo
Kwao: Pangani, ng'ambo ya Bweni
Kazi: Fundi wa kuziba mashua
Anachoweza: Anasikia ufa kabla haujafunguka, kwenye ubao, ukuta au mfupa. Akiuwekea kiganja cha kulia hauendelei.
Kinachomponza: Akishashika hawezi kuachia mpaka aje fundi wa kuziba. Ufa mmoja, mkono mmoja.
Analala: Ndani ya mashua iliyopandishwa pwani. Kwenye nyumba ya zege usimkaribishe.
Anadaiwa: Na shangazi yake, samahani.
Mafundi wenzake wanasema ukimuona kasimama kaegemea ukuta usimsalimie kwanza, kimbia kalete saruji. Amewahi kukosa miadi, ndoa na mwezi mzima wa Ramadhani kwa sababu ya daraja moja. Kwapani kwake kuna ufa. Hajausikia.

Ile sehemu ya "anadaiwa" ni ya kwangu, sijaiona kwenye kadi za kampuni yoyote, ila naiweka kwa kila mdoli kwa sababu mtu anayedaiwa kitu lazima atatoka nyumbani.

Ukimaliza mjaribu kwa mtu. Mpe mdoli bila kadi, muache amshike kidogo, muulize unadhani huyu anaweza nini. Akisema kitu cha karibu na ulichoandika, umefaulu. Akisema kitu kingine kabisa na ni kizuri kuliko chako, bana we chukua tu, andika upya, watoto hasa wanaona vitu ambavyo sisi tumeshazoea kuvipita. Akisema "sijui, anapaa?" rudi kwenye karatasi ya kasoro.

Kama unauza, andika nyuma ya kadi mwili wa mdoli ni wa kampuni gani na kwamba sura, nguo na historia ndo vyako, usimwite kwa jina la shujaa wa watu ili auzike haraka, utaletewa kesi. Kadi chapisha kwenye manila kwa printa ya leza, wino wa maji unachuja hewa ya pwani ikiupata. Na ukimpanga kwenye boksi usimfunge waya kwenye kiwiko cha kulia, mfunge kiunoni na miguuni, ule mkono uachwe umenyooka mpaka kiganja kiguse plastiki ya mbele.