Kubuni Ugonjwa Unaoibeba Hadithi ya Mchezo

Kabla hujaupa ugonjwa wako jina, andika sentensi moja inayoeleza hadithi ya mchezo wako wa video inauhitaji kwa kazi gani. Je, mji ufungwe ili mchezaji asiweze kutoka? Je, mhusika anayeijua siri ashindwe kuisema? Mbunifu anayeanza na vidonda na damu, kisha akavitafutia kazi baadaye, mara nyingi huambulia pambo linalotisha mara moja na kuzoeleka mara ya pili.

Tuchukue haja moja: dada anayeongozwa na mchezaji awe tayari anawaambukiza jamaa zake, lakini yeye asijue mpaka katikati ya mchezo. Haja hiyo inakuamulia mengi, hasa muda unaopita kati ya kuambukizwa na kuonekana kwa dalili, ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa kazi nzima. Magonjwa halisi yanatupa mifano mizuri. Kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache. Kichaa cha mbwa kwa kawaida hujificha miezi 2 hadi 3, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla vipele havijatoka. Dada yetu anahitaji tabia ya surua, ila kwa mwendo wa polepole zaidi.

Baada ya hapo chagua dalili inayoonekana bila kuelezwa. Ukoma huharibu neva na kuondoa hisia za mikono na miguu, kwa hiyo ganzi ni dalili inayosadikika. Mwonyeshe dada akiipua sufuria kwa mikono mitupu huku akiendelea kuzungumza, na mtu mmoja tu pembeni akinyamaza ghafla. Kisha ipeleke ganzi hiyo mikononi mwa mchezaji mwenyewe: kidhibiti cha mchezo anachokishika, kilichokuwa kikitetemeka kila dada alipoumia, kiache kutetemeka, ilhali uhai wake unaendelea kupungua. Hakuna maandishi yatakayomgusa mchezaji kuliko ukimya huo.

Njia ya maambukizi iandike kama sheria, na usiivunje kwa sababu tu tukio fulani limekubana. Fikiria pia mahali ambapo sheria hiyo inaweza kuvuja. Mwaka 2005, katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, laana iliyokusudiwa kubaki katika pambano moja ilitoka nje kupitia wanyama wa wachezaji, ikaua wahusika wengi dhaifu mijini, hata wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wakaja kuichunguza.

Kuhusu tiba, amua mapema kama ipo, nani anayo na inamgharimu nini anayeitafuta, hayo yanatosha. Linalohitaji uangalifu zaidi ni utu wa mgonjwa. Usiufanye ugonjwa kuwa adhabu ya dhambi wala alama ya uovu, kwa maana wapo wachezaji waliotengwa kwa sababu ya magonjwa ya kweli. Mpe mgonjwa kazi, mapenzi, hasira na maamuzi yasiyohusu ugonjwa wake.

Mwishowe, mkabidhi mchezo mtu asiyejua lolote, mwache acheze nusu saa, kisha mwulize ugonjwa unaeneaje. Akikosea, rudi ukayatengeneze upya matukio yanayouonyesha, kama lile la sufuria, kabla hujaongeza hata mstari mmoja wa maelezo.